Kwa nini virusi vya ukimwi hurudi mgonjwa anapoacha dawa

MTU anayeishi na virusi vya ukimwi (VVU) anaweza kumeza dawa kila siku kwa miaka kumi, akapimwa damu, na maabara isione kirusi hata kimoja. Hata hivyo, akiacha dawa hizo, kwa kawaida virusi hurejea katika muda wa majuma machache tu.

Wanasayansi wamejua chanzo cha jambo hilo tangu miaka ya 1990, lakini hawajapata njia ya kuliondoa. Chanzo chenyewe ni uwezo wa kirusi kulala ndani ya seli za binadamu.

VVU hushambulia seli nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo huongoza kinga ya mwili. Kirusi kikishaingia ndani ya seli, hupachika nakala ya vinasaba vyake katikati ya vinasaba vya seli hiyo.

Seli nyingi zilizovamiwa huzalisha virusi vipya, kisha hufa. Lakini chache huingia katika hali ya mapumziko. Hizo ni seli za kumbukumbu, ambazo kazi yake ni kukumbuka maradhi yaliyopita, na huweza kuishi miaka mingi. Seli inapopumzika, kirusi nacho hulala.

Dawa zinazotumika leo huzuia hatua ambazo kirusi hupitia kinapozaliana. Kirusi kilicholala hakizaliani, kwa hiyo dawa hazina pa kukishikia. Askari wa kinga nao hawaoni dalili yoyote ya adui juu ya seli hiyo.

Mkulima wa Ganze au Magarini anaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Shamba lililopaliliwa likawa safi bado lina mbegu za magugu ndani ya udongo. Mvua ya masika ikinyesha, magugu huota upya. Dawa hufanya kazi ya jembe, bali mbegu hubaki ardhini.

Mwaka 1997, makundi ya watafiti nchini Marekani yalithibitisha kwamba virusi hivyo vilivyolala hubaki hata kwa wagonjwa wanaotumia dawa barabara. Seli zinazovihifadhi ni chache mno, takriban moja kati ya milioni moja za CD4 zilizopumzika. Robert Siliciano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walikadiria kuwa ingemchukua mgonjwa zaidi ya miaka 60 ya kumeza dawa kuzimaliza zote.

Idadi ya mbegu hizo hutegemea sana wakati matibabu yanapoanza, na hapo ndipo utafiti wa Pwani ya Kenya unapopata uzito.

Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na shirika la Wellcome Trust la Uingereza zilianzisha mpango wa utafiti mjini Kilifi mwaka 1989. Tangu 2005, watafiti wa mpango huo wamekuwa wakiwafuatilia watu walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa, kupitia kliniki iliyoko Mtwapa. Waliojitolea hupimwa mara kwa mara ili maambukizi yagunduliwe mapema.

Ugumu ni kwamba dalili za mwanzo hudanganya. Majuma mawili hadi manne baada ya kuambukizwa, wengi hupata homa, maumivu ya koo na uchovu. Katika eneo lenye malaria kama Pwani, mgonjwa hukimbilia duka la dawa na kununua dawa za malaria. Hata akipimwa VVU kwa kipimo cha kawaida huenda asipatikane navyo, kwa kuwa kipimo hicho hutegemea chembe za kinga ambazo mwili bado haujazitengeneza za kutosha.

Ndiyo sababu watafiti wa Kilifi walibuni mpango wa Tambua Mapema, uliotumia vipimo vinavyotafuta kirusi chenyewe kwa watu wazima waliofika katika vituo vya afya wakiwa na dalili hizo.

Kuanza dawa mapema hupunguza hazina ya virusi, ila hakuimalizi. Nchini Ufaransa, mwaka 2013 watafiti walieleza juu ya wagonjwa 14 walioanza matibabu mapema sana na ambao, baada ya kuacha dawa, miili yao ilivizuia virusi kwa miaka kadhaa. Lakini mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyeanza dawa saa 30 baada ya kuzaliwa na kudhaniwa amepona, alikutwa na virusi tena mwaka 2014.

Waliopona kabisa ni wachache mno. Wa kwanza, Timothy Ray Brown, alipandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007 ili kutibu saratani ya damu. Aliyemtolea alikuwa na hitilafu ya nadra ya vinasaba inayowafungia virusi mlango wa kuingia katika seli. Tiba hiyo ni ya hatari na ghali, na hitilafu yenyewe ni adimu sana miongoni mwa Waafrika.

Kwa hiyo watafiti wanajaribu njia nyingine: kuviamsha virusi ili viuawe, kuvifunga visiamke kamwe, kuvikata kutoka katika vinasaba vya seli, na kutumia chembe za kinga zenye nguvu za pekee. Hakuna iliyofaulu kuwa tiba ya watu wengi.

Afrika Mashariki imewahi kuahidiwa mengi. Dawa ya Kemron ilitangazwa kwa kishindo nchini Kenya mwaka 1990, na majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha sifa zake. Mwaka 2011, maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walifurika Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Masapila. Mbegu zilizolala zilibaki palepale.

Mgonjwa ambaye virusi vyake havionekani kwenye vipimo ana faida kubwa: afya yake hulindwa, na hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Faida hiyo hudumu maadamu anaendelea na dawa. Kutoonekana kwa virusi si kupona.