Elimu ya Ardhi Isifungiwe Kabatini

Ardhi ya visiwa vyetu haiongezeki, bali watu wanaongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Zanzibar ina wakaazi 1,303,569. Hesabu ya mwaka 2022 ikaonyesha 1,889,773. Katika muda wa miaka kumi tumezidi kwa watu karibu laki sita. Wote hao wanahitaji nyumba, na nyumba inataka kiwanja na mchanga. Wanahitaji chakula, na chakula kinataka konde. Mashamba ya eka tatu tatu waliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 yamo katika hatari ya kumegwa vipande vipande.

Sheria tunazo. Sheria Namba 12 ya mwaka 1992 inaeleza jinsi ardhi, ambayo ni mali ya umma, inavyopatikana na kutumiwa. Wataalamu nao tunao. Linalopungua ni elimu yao kumfikia mkulima, mwashi na sheha. Mara nyingi miongozo ya matumizi bora ya ardhi huandikwa kwa Kiingereza, husomwa semina moja, kisha huwekwa kabatini. Mwalimu wa skuli akitaka kuinakili huambiwa kwamba hakimiliki hairuhusu, ingawa fedha zilizoigharimia ni za umma.

Dawa yake haina gharama kubwa. Ni leseni huria, yaani idhini inayoandikwa tangu mwanzo katika ukurasa wa kwanza, ya kwamba kila mtu anaweza kunakili, kugawa, kufasiri na kurekebisha zana hiyo ya kujifunzia, mradi amtaje mwandishi. Mwezi Novemba 2019, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo linalozihimiza nchi wanachama kuzitolea leseni ya namna hiyo zana za elimu zinazogharimiwa na umma.

Sisi wenyewe tumekwisha kuonja faida yake. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tume ya Sayansi na Teknolojia na Benki ya Dunia walishirikiana kupiga picha za visiwa hivi kwa ndege zisizo na rubani. Vijana wetu walizirusha, na picha zikawekwa wazi kwa matumizi ya wote. Lakini picha bila ya maelezo kwa lugha ya wananchi ni nusu ya kazi.

Wako watakaohofu kwamba maandishi ya serikali yatapotoshwa. Hofu hiyo ina jawabu. Leseni inaweza kumlazimisha aliyebadilisha aseme kuwa amebadilisha, na nakala rasmi hubaki ilipo. Wala hatusemi kumbukumbu za viwanja vya watu binafsi zianikwe. Tunazungumzia masomo, si hati za watu.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wizara na idara zinazohusika: kila mkataba wa kuandika mwongozo au somo la ardhi uwe na sharti la leseni huria na nakala ya Kiswahili, na nakala zilizopigwa chapa zipelekwe kila shehia, kwani si kila mtu ana kompyuta. Nasi wananchi tukizipata tuzisome, tuzijadili na tuseme pale zisipolingana na hali ya makonde yetu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yetu kubwa ni ardhi.