Wiki Nane Mbele ya Ubao: Mwanachuo wa Ualimu na Mwenyeji Wake

Mazoezi ya kufundisha, ambayo katika vyuo vikuu vya Tanzania hufahamika kwa kifupi kama TP na katika vyuo vya ualimu kama BTP, ni majuma ambayo mwanachuo anayesomea ualimu huondoka chuoni, akapangiwa shule na kukabidhiwa vipindi vya kufundisha, huku akiangaliwa na walimu wa shule hiyo pamoja na wakufunzi wanaotumwa na chuo chake kuja kumtathmini. Kwa wanachuo wa shahada muda huo aghalabu huwa wiki nane, na huangukia kati ya Julai na Septemba, wakati vyuo vikuu vimefunga na shule zimeingia muhula wa pili. Vyuo hujishughulisha sana na namna ya kuwaandaa wanachuo kabla ya safari hiyo na namna ya kuwapima wakiwa huko, lakini mtu anayeamua zaidi iwapo wiki hizo zitamjenga mwalimu au zitampotosha, yaani mwalimu mwenyeji anayempokea mgeni huyu katika ofisi ya walimu, ameachwa pembeni kwa muda mrefu mno.

Mwanachuo haingii darasani akiwa mtupu. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza dhana inayoweza kuitwa uanagenzi wa kutazama, akimaanisha kwamba mtu anayesomea ualimu amekwisha kuwatazama walimu wakiwa kazini kwa maelfu ya saa kabla hajafundishwa lolote kuhusu kazi hiyo, ingawa alitazama akiwa ameketi kwenye dawati na hakuona maandalizi, mashaka wala maamuzi yaliyotangulia kila kipindi. Kwa Mtanzania aliyesoma miaka saba ya shule ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na cha sita, uanagenzi huo unafika miaka 13, nao haufutiki kwa mihula michache ya saikolojia ya elimu. Ndiyo maana somo linapokwama, mwanachuo aliyefaulu vizuri mtihani wa mbinu shirikishi hujikuta akigeukia ubao na kuwaandikia wanafunzi nukuu za kunakili, kama alivyoandikiwa yeye. Hafanyi hivyo kwa uvivu, bali huo ndio ualimu anaoufahamu zaidi.

Na somo hukwama upesi. Andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja ambao mwanachuo huuandika kabla ya kuingia darasani, kwa muundo uliotumika kwa miaka mingi hugawa dakika 40 katika utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho, na kila hatua hutengewa dakika zake pamoja na vitendo vya mwalimu na vya wanafunzi. Mpango wa namna hiyo unadhani darasa lina nafasi ya watu kugawanyika katika vikundi na kusikilizana. Sera hutaja mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule za msingi, lakini tangu ada ilipofutwa katika shule hizo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na elimu bila ada ilipofikishwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, mikondo mingi imefurika kupita kiwango hicho, na kazi ya kuunda vikundi tu inaweza kumeza nusu ya kipindi. Mtafiti wa Uholanzi, Simon Veenman, aliyepitia tafiti nyingi za nchi mbalimbali kuhusu walimu wapya mwaka 1984, aliyaita makutano haya ya ndoto za chuoni na ukali wa darasa mshtuko wa uhalisia, na tatizo lililoongoza katika tafiti hizo lilikuwa la kusimamia nidhamu na utulivu wa darasa.

Katika sekondari mshtuko huo huongezewa uzito na lugha. Mwanachuo wa baiolojia au jiografia huandaa somo kwa Kiingereza, kisha husimama mbele ya kidato cha kwanza ambao mwaka uliopita walijifunza karibu kila somo kwa Kiswahili. Akiuliza swali darasa hunyamaza, akilirudia kwa Kiswahili mikono huinuka, naye hutambua kwamba wanafunzi aliodhani hawaelewi mada walikuwa hawaelewi swali. Hili ni miongoni mwa mafunzo makubwa kabisa ambayo mazoezi yanaweza kumpa mwalimu mchanga. Inasikitisha kwamba siku mkufunzi anapoketi nyuma ya darasa na fomu yake ya tathmini, mwanachuo huyohuyo huogopa kukitumia Kiswahili kilichofungua vinywa vya wanafunzi jana yake, akaendelea na Kiingereza mbele ya ukimya.

Hapo ndipo mwalimu mwenyeji angepaswa kuingia, kwa kuwa yeye analijua darasa, anajua nani husoma kwa shida na nani hutembea kilomita nyingi kufika shuleni. Lakini mara nyingi makabidhiano humalizika kwa dakika chache: mwalimu wa taaluma hufungua ratiba, mwanachuo huoneshwa kitabu na mada ilipoishia, na mwenye somo hushukuru kupata nafasi ya kupumua. Haitakuwa haki kumlaumu peke yake. Mwalimu mwenye vipindi vingi, madaftari ya mamia ya wanafunzi na zamu za usimamizi wa shule hapunguziwi chochote kwa kumlea mgeni, hajafunzwa namna ya kumlea, na maoni yake juu ya maendeleo ya mgeni huyo, aliyemwona kila siku, huwa na uzito mdogo kuliko alama za mkufunzi aliyemwona mara mbili au tatu.

Mazoea haya yana mizizi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, inayokumbukwa kwa jina la UPE, makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walisomea ualimu papo hapo vijijini, wakijifunza sehemu ya siku na kufundisha sehemu nyingine, na zaidi ya 35,000 wakahitimu kwa njia hiyo. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002, mafunzo ya ualimu wa daraja la A yalikuwa mwaka mmoja chuoni na mwaka mwingine shuleni. Mipango hiyo iliwapatia mwalimu watoto ambao wangemkosa kabisa, na hilo ni jambo kubwa. Ila ilisaidia kujenga desturi ya kumwona mwanachuo kwanza kama mtu wa kuziba pengo, ndipo baadaye kama mtu anayejifunza.

Mgeni asiyelelewa hujifunza kutokana na anayoyaona. Kanuni za mwaka 2002 humruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kutoa adhabu ya viboko visivyozidi vinne, lakini mwanachuo anayekuta fimbo juu ya kila meza katika ofisi ya walimu huchukua somo lake hapo, wala si kwenye kanuni. Oktoba 2016 taifa lilishtushwa na video iliyoonesha walimu waliokuwa kwenye mazoezi wakimpiga mwanafunzi katika ofisi ya shule moja ya sekondari jijini Mbeya, na wahusika wakafukuzwa vyuoni. Adhabu hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, swali la nani alikuwa mwenyeji wao, na walikuwa wameona nini katika wiki zilizotangulia, halikupaswa kufungwa pamoja na jalada la kesi.



Anayebaki na gharama ya mwisho ni mwanafunzi. Kwa kuwa mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na wa kidato cha nne Novemba, shule nyingi huwanyima wageni madarasa hayo na kuwapa mengine, na wanapoondoka mwenye somo mara nyingi hulazimika kuirudia mada tangu mwanzo, kwa sababu hakuwahi kuona ilivyofundishwa. Kuliepuka hilo hakuhitaji fedha nyingi: mwenyeji akipunguziwa vipindi viwili au vitatu kwa wiki, akaketi darasani na mgeni tangu juma la kwanza na kuzungumza naye baada ya kipindi, chuo kikamwita kwa barua ya uteuzi na kumpa sehemu halali ya alama, basi siku ya makabidhiano atalipokea darasa ambalo hakuwahi kuliacha.