Kericho au Bomet? Pa kuipeleka jamii baridi ya Agosti

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, msomaji, swali ni lile lile katika nyumba nyingi za mjini: tutaenda wapi safari hii? Mombasa ni mbali na mfuko hautoshi. Nyumbani mashambani mtaenda Disemba. Na yule mtoto anayelala na televisheni anataka kuona theluji.

Wa kwangu alianza aliposikia habari za Philip Boit, Mkenya aliyekwenda Nagano, Japani, mwaka 1998 kushindana katika mbio za kilomita 10 juu ya theluji. Boit alimaliza wa mwisho, lakini bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye utepe ili amkumbatie. "Baba, sisi tutateleza wapi?" kijana akauliza. Nilimjibu kwamba labda kwenye matope.

Hata hivyo, ukitaka baridi ya kuvaa sweta mbili, ya kukumbatia kikombe mchana kutwa na pengine ya kuokota barafu uani, huna haja ya pasipoti. Nenda kwenye majani chai. Kazi iliyopo ni kuchagua upande: Kericho au Bomet?

Tuanze na Kericho. Mji huu uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Asubuhi jua huwaka vizuri, saa nane wingu linashuka, na mara unasikia mabati yanapigwa kama ngoma. Ni mvua ya mawe. Kericho inatajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua hiyo mara nyingi zaidi duniani. Watoto wa mjini hukimbia nje na sufuria kuyaokota, lakini mkulima hacheki, kwa sababu dakika kumi zinatosha kuchanachana majani aliyotazamia kuchuma wiki hiyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 hata ndege zilitumwa mawinguni kunyunyiza kemikali ili kuipunguza.

Mbali na mvua, Kericho ina mengi ya kuona bila kutoa pesa nyingi. Kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015, lina paa refu linalopanda kama mlima na huketisha watu 1,500. Gurudwara ya Masingasinga, iliyojengwa kumkumbuka Baba Puran Singh aliyeishi mjini humo, humpa chakula mgeni yeyote bila malipo. Vua viatu, funika kichwa, na usibakize chakula kwenye sahani. Kwenye barabara ya Nakuru kuna bustani ya miti na bwawa la Chagaik, ambako mbega hurukaruka juu ya vichwa vya watu. Kuhusu Tea Hotel ambayo wazee wetu waliisifu, imepitia miaka mingi ya kudorora, kwa hivyo usifunge safari kwa kutegemea picha ya zamani. Uliza kwanza.

Lakini Kericho ina kasoro moja, na niliijua kwa uchungu. Mashamba yake makubwa ni mali ya makampuni. Kijani kile unachokiona pande zote mbili za barabara kina mwenyewe, tena kina lango na askari.

Mama yangu alichuma majani chai huko kabla sijazaliwa. Mwaka juzi tulimpeleka aione tena kambi aliyokaa. Tulifika langoni bila barua, tukaambiwa turudi. Mama alimwamkua askari kwa Kikipsigis, "Chamgei," akamtajia kambi ile na hata mti uliokuwa karibu na bomba la maji. Askari, kijana mwenye adabu, akamwita "mama" na kumwomba radhi, lakini hakufungua. Mama akasimama kando ya ua akitazama paa kwa mbali. Watoto, waliokuwa wakipigania viazi karai garini, wakanyamaza.

Kosa lilikuwa langu. Ukitaka kuingia shambani au kiwandani, omba ruhusa kwa maandishi mapema, na utaje idadi ya watu na umri wa watoto.

Bomet ni habari nyingine. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho, lakini sura yake si ile. Hapa majani chai mengi ni ya wakulima wadogo wanaopeleka mavuno katika viwanda kama Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek. Chai imepakana na mahindi, na mahindi yamepakana na ng'ombe. Ukimfahamu mtu mmoja tu, mtoto wako atafundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi lake, atabeba kikapu hadi kituo cha kupimia, na jioni atapewa mursik kutoka kwenye kibuyu. Wa kwangu alikunja uso mara ya kwanza. Mara ya pili aliongeza.

Kuna pia maporomoko ya Tenwek katika mto Nyangores. Tangu mwaka 1987 maji yake yamekuwa yakizalisha umeme wa hospitali ya misheni iliyo jirani. Washike watoto mkono, mawe yanateleza. Kisha waambie kwamba maji hayo hayo, yatokayo msitu wa Mau, huungana na ya mto Amala na kuwa mto Mara, ule ambao nyumbu huuvuka mwezi huo huo wa Agosti.

Kuhusu njia, Bomet utapitia Mai Mahiu, Narok na Mulot; Kericho utapitia Nakuru na Mau Summit. Safiri mchana. Hatujasahau Juni 2023, zaidi ya watu 50 walipoangamia katika makutano ya Londiani. Na ukungu wa Mau hauna urafiki na dereva anayechelewa.

Ukiniuliza, mwenye watoto wadogo na pesa za usiku mmoja au miwili aende Bomet. Atashika kila kitu kwa mkono. Mwenye vijana wa sekondari wanaopenda majengo na mji, Kericho itawafaa. Kutoka mji mmoja hadi mwingine hakuzidi safari ya asubuhi moja, lakini usijaribu kuyabana yote katika siku mbili. Watoto watakumbuka kiti cha gari tu.

Sisi tungekwenda Bomet, kwa kura ya wengi. Ila barua ya kampuni imejibiwa wiki iliyopita, watu sita, Jumamosi saa tatu. Mama ameshafua sweta yake ya kijani na kuianika.