Tovuti za kuvuna matangazo (Sehemu ya 2): Ukiikuta, uiripoti kwa nani?

Wiki iliyopita tuliona jinsi tovuti hizi zinavyotengenezwa: habari za kunakili au za kuandikwa na programu, kichwa cha kukuvuta, kisha matangazo yaliyosongamana hadi maandishi yenyewe yanatafutwa. Leo tuingie kwenye yale ambayo msomaji anaweza kuyafanya mwenyewe.

Mfano ulio karibu nasi ni wa matokeo ya mitihani. Siku ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linasubiriwa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, andika neno "matokeo" kwenye Google uone. Zinakuja kurasa tele zinazosema matokeo yako hapa, bofya. Ukifungua unasimuliwa NECTA ni nini na elimu ina umuhimu gani. Kila baada ya aya kuna tangazo, jingine linashuka kutoka juu, la tatu linaganda chini ya skrini. Matokeo hayamo. Ukibahatika utapata kiungo cha kukupeleka necta.go.tz, ambako ungeweza kwenda tangu mwanzo. Kijana aliyekesha kwa wasiwasi amemaliza bando lake, na mwenye ukurasa ameingiza fedha. Kurasa za nafasi za kazi nazo ni hivyo hivyo: tangazo la ajira lililokwisha muda linabandikwa tarehe mpya, na wasio na kazi wanamiminika. Huu ni unyonyaji wa watu walio katika shida, na hautakiwi kufumbiwa macho.

Anayelipa ni nani? Ni mwenye tangazo: benki, kampuni ya simu, kiwanda cha sabuni. Mara nyingi hana habari kwamba jina lake liko pale. Nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada wa kompyuta unaokwisha kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, na kati ya mnunuzi na mwenye tovuti wamo madalali kadhaa, kila mmoja na chake. Mwaka 2023 ANA, chama cha kampuni zinazotangaza bidhaa nchini Marekani, kilifuatilia fedha za wanachama wake 21 na kukuta kwamba kampeni moja, kwa wastani, hutawanywa kwenye tovuti 44,000. Asilimia 15 ya fedha zilizochunguzwa ziliangukia kwenye tovuti za aina hii. Kwa idadi ya mara matangazo yalipoonyeshwa, ilikuwa asilimia 21. Hakuna ofisa masoko awezaye kuzipitia tovuti 44,000 kwa macho yake. Vipimo navyo vinampotosha, kwa sababu tangazo lililoganda kwenye skrini linahesabiwa kuwa limeonekana, tena kwa bei nafuu, hivyo kwenye ripoti yake tovuti mbovu inaonekana ndiyo yenye mafanikio.

Kwa sababu hiyo nashauri taarifa ya msomaji ifuate njia ya fedha. Malalamiko yasiyogusa fedha hayamsumbui mwenye tovuti, maana hana jina la kulinda; akifungiwa tovuti moja atafungua nyingine jioni hiyo hiyo.

Wengi wetu huishia kwenye kile kialama kidogo kilichoko pembeni mwa tangazo. Kile ni cha kulalamikia hasa tangazo lenyewe, na tangazo la benki halina kosa. Kosa ni la ukurasa uliolibeba. Google ina fomu mbili zinazohusika, na watu huzichanganya. Moja ni ya upande wa utafutaji. Machi 2024 kampuni hiyo ilitangaza kanuni mpya dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu zipande kwenye matokeo ya utafutaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Taarifa ya fomu hii inaweza kusaidia kuushusha ukurasa, lakini akaunti ya matangazo haiguswi. Fomu ya pili ni ya AdSense, mpango wa matangazo ulioanza mwaka 2003, na hii ndiyo inayofika mfukoni. Kanuni zake zinakataza kuweka matangazo kwenye ukurasa wenye matangazo mengi kuliko maudhui, usio na maudhui kabisa, au ulionakili kazi ya mwingine bila kuongeza chochote. Ukiandika "hii tovuti ni mbaya," hujamsaidia anayepokea. Taja kanuni iliyovunjwa, weka anwani kamili ya ukurasa, na kama habari imeibwa weka na anwani ya ile ya asili.

Kuna faili moja ambalo wasomaji wengi hawalijui, na mimi nalithamini kuliko fomu zote. Andika jina la tovuti kwenye kivinjari, weka mkwaju (/), kisha ads.txt. Utaratibu huu ulianzishwa mwaka 2017 na IAB Tech Lab, shirika la viwango vya matangazo ya mtandaoni, ili kuzuia watu kuuza matangazo kwa kujifanya tovuti za wengine. Tovuti yenye faili hilo itakufungulia orodha ya maandishi matupu: jina la kampuni inayouza nafasi, namba ya akaunti, kisha neno DIRECT au RESELLER. DIRECT maana yake akaunti ni ya mwenye tovuti mwenyewe. RESELLER ni dalali aliyeruhusiwa kumuuzia. Akaunti za Google huanza na "pub-" na kufuatiwa na tarakimu 16. Ukikuta namba ile ile ya DIRECT kwenye tovuti tano zenye majina tofauti, kuna uwezekano mkubwa kwamba anayelipwa ni mmoja. Taarifa yenye namba hiyo na anwani zote tano ina uzito mwingine kabisa.

Baada ya hapo mwandikie mwenye tangazo. Piga picha ya skrini inayoonyesha tangazo lake, anwani ya ukurasa na tarehe, uitume kwa kitengo chake cha masoko kwa maneno machache na ya heshima. Mwisho wa mwaka 2016 Wamarekani waliojiita Sleeping Giants walitumia njia hii dhidi ya tovuti ya Breitbart, na mamia kwa mamia ya kampuni ziliondoa matangazo yao. Ugomvi wao ulikuwa wa kisiasa, lakini njia ni ile ile: kampuni haikuwa ikijua, ikaonyeshwa, ikaamuru jina la tovuti liingizwe kwenye orodha ya kuzuiwa.

Mawili ya kuepuka. Usibofye matangazo mara nyingi ukidhani unamkomoa mwenye tovuti, kwa kuwa mibofyo hiyo inaweza kuishia kulipiwa na yule yule mwenye tangazo anayeibiwa. Wala usimripoti mtu kwa sababu tu ukurasa wake una matangazo. Wapo waandishi wa kweli, wa habari za wilayani au za kilimo, wanaoishi kwa kipato hicho hicho kidogo, na kazi yao unaiona ukisoma aya mbili. Kabla ya kutuma, soma kurasa kadhaa za tovuti hiyo, ulinganishe na habari za asili, ndipo ujaze fomu.

Wiki ijayo: mwandishi aliyeibiwa makala yake na namna ya kudai haki yake.