Miji ya Udongo Jangwani: Mabaki ya Kale ya Turkmenistan na Mtafiti wa Kiswahili

0. Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusoma historia ya upwa wa Afrika ya Mashariki hukutana mapema na majina matatu: al-Biruni, Yaqut al-Hamawi na Ibn Battuta. Majina hayo hunukuliwa ili kuthibitisha ukale wa Sofala, Unguja au Kilwa, kisha huachwa. Ni mara chache sana tunapojiuliza waandishi hao waliishi wapi, walisoma vitabu gani, na miji iliyowalea imepatwa na nini.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wote watatu walipita katika nchi moja iliyo mbali na bahari zetu, nayo ni nchi ya jangwa katika Asia ya Kati ambayo leo huitwa Turkmenistan. Shabaha ya makala haya ni kueleza mahali mashuhuri pa kihistoria pa nchi hiyo, pamoja na vivutio vyake vya maumbile, na kuonyesha kwa nini mtafiti wa Kiswahili ana sababu ya kuvifahamu.

1. Nchi na jangwa lake

Turkmenistan imepakana na Kazakhstan, Uzbekistan, Afghanistan na Iran, na upande wa magharibi inaishia kwenye Bahari ya Kaspi. Ilikuwa mojawapo ya jamhuri za Muungano wa Kisovieti hadi ilipotangaza uhuru tarehe 27 Oktoba 1991. Mji mkuu wake ni Ashgabat, mji ulioangushwa na tetemeko la ardhi tarehe 6 Oktoba 1948, ukajengwa upya, na ambao sasa unajulikana kwa majengo yake mengi ya marumaru nyeupe.

Zaidi ya thuluthi mbili za nchi hiyo ni jangwa la Karakum, jina ambalo maana yake ni «mchanga mweusi». Katika nchi ya namna hiyo, maji ndiyo yaliyoamua mahali pa mji. Watu walikaa penye mito: Murghab, inayotoka milima ya Afghanistan na kupotelea mchangani, na Amu Darya upande wa kaskazini na mashariki. Misafara ya biashara iliyounganisha China na nchi za Mediterania, katika njia iitwayo Barabara ya Hariri, ilibidi ipitie huko huko kwenye maji. Ndiyo maana miji mikubwa ilizaliwa mahali ambapo mgeni wa leo huona ukame tu.

2. Merv: mji wa vitabu

Mabaki ya Merv yako karibu na mji wa kisasa wa Mary, katika bonde la Murghab. Tofauti na miji mingi ya kale, ambayo kila kizazi kilijenga juu ya kifusi cha kizazi kilichotangulia, Merv ilihamahama: mji mpya ulijengwa kando ya mji wa zamani. Kwa hiyo mgeni anaweza kutembea kwa miguu kutoka karne moja hadi nyingine. Erk Kala, ngome ya kwanza, ni ya zama za Waajemi wa kale, kabla ya Aleksanda Mkuu. Inafuata Gyaur Kala, kisha Sultan Kala, mji wa Waislamu uliofikia kilele chake katika karne za 11 na 12, chini ya wafalme wa Kiseljuki.

Majengo mawili hukumbukwa na kila mgeni. La kwanza ni Kyz Kala Kubwa, jumba la matofali mabichi ambalo kuta zake za nje zimefanywa mifuo mikubwa, mithili ya magogo yaliyosimamishwa wima bega kwa bega. La pili ni kaburi la Sultani Sanjar, aliyefariki mwaka 1157. Kuba lake lilifunikwa zamani kwa rangi ya buluu, na Yaqut aliandika kwamba lilionekana kwa msafiri aliye bado mwendo wa siku nzima.

Yaqut huyo ndiye anayetuhusu. Asili yake ilikuwa ya Kirumi, yaani Kigiriki. Alitekwa utotoni, akauzwa Baghdad kwa mfanyabiashara aliyemsomesha na kumtuma katika safari za biashara, hata katika kisiwa cha Kish kilicho katika Ghuba ya Uajemi. Baada ya kupata uhuru wake alitembea nchi nyingi, akafika Merv. Alikuta humo maktaba kumi za wakfu, mojawapo ikiwa na vitabu vipatavyo 12,000. Wasimamizi walikuwa wakarimu kiasi kwamba nyumba yake haikukosa mijeledi 200 ya kuazima, mingi bila kuweka rehani yoyote.

Humo ndimo lilimojia wazo la kamusi yake kubwa ya majina ya mahali, Mu'jam al-Buldan. Yeye mwenyewe anaeleza kisa chake: mwaka 1218, katika baraza la wanazuoni wa Merv, aliulizwa namna ya kutamka jina la soko moja la kale la Uarabuni. Yeye alisema Hubasha. Mwingine akashikilia kwamba ni Habasha. Alitafuta ushahidi katika vitabu, akaupata kwa taabu, akaona kwamba watu wanahitaji kitabu kitakachothibitisha majina ya mahali, herufi kwa herufi na irabu kwa irabu. Ugomvi juu ya irabu moja ulizaa kamusi nzima. Nani katika idara ya isimu atakayecheka?

Wamongolia walipokaribia, Yaqut aliondoka. Mwaka 1221 jeshi la Tolui, mwana wa Chinggis Khan, liliuteka mji, likawaua wakazi wake kwa wingi na kuuharibu. Maktaba hazikuonekana tena. Yaqut alifika Aleppo, akamaliza rasimu ya kwanza ya kamusi yake mwaka 1224, akafariki huko mwaka 1229.

Ndani ya kamusi hiyo tunasoma habari za kisiwa cha Languja, yaani Unguja, makao ya mfalme wa Wazanji, na kwamba watu wake walihamia kisiwa cha Tumbatu, ambacho wakazi wake walikuwa Waislamu. Hatuhitaji kudai kwamba habari hizo alizipata Merv. Pengine alizisikia kwa mabaharia wa Ghuba. Lakini kitabu kinachozibeba kilitungiwa mimba Merv, na mtungaji wake aliponea chupuchupu.

3. Kunya-Urgench: mji wa wasafiri

Kaskazini, karibu na Amu Darya, yako mabaki ya Kunya-Urgench, mji ambao Waarabu waliuita Gurganj, mji mkuu wa Khwarazm. Al-Biruni alifanya kazi katika baraza la wafalme wake hadi mwaka 1017, Mahmud wa Ghazni alipoiteka nchi hiyo na kumchukua pamoja na wataalamu wengine. Baadaye, katika kitabu chake juu ya India, al-Biruni alieleza kwamba bandari ya Somnath ilipata umaarufu kwa kuwa kituo cha wasafiri waliokwenda na kurudi kati ya Sofala ya nchi ya Wazanji na China. Mtu aliyekulia mbali kabisa na pwani alijua mwendo wa biashara yetu.

Mji huu nao uliharibiwa na Wamongolia mwaka 1221, lakini ulifufuka. Ibn Battuta, aliyekuwa ameitembelea Kilwa mwaka 1331, aliingia Urgench mwaka 1333. Anasimulia kwamba siku moja alikwama katikati ya soko kwa wingi wa watu, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Alisifu pia matikiti ya nchi hiyo, ambayo hadi leo yana sikukuu yake ya taifa katika mwezi wa Agosti. Aliwaona gavana Kutlug Timur na mkewe Turabek, na majina yao wawili bado yanaitwa hapo: mnara wa Kutlug Timur, wenye urefu wa meta 60 hivi, na kaburi la Turabek Khanum, lililopambwa kwa vigae vya rangi kama bustani ya nyota. Mwaka 1388 Timur aliubomoa mji kwa mara nyingine, na haukuurudia tena ukubwa wake.

4. Mahali pengine

Karibu na Ashgabat ipo Nisa, ngome ya wafalme wa Parthia. Wachimbuzi walipata humo vikombe vya pembe za ndovu vyenye umbo la pembe, vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa, na vigae zaidi ya 2,000 vilivyoandikwa kwa wino, vingi vikiwa hesabu za mvinyo ulioletwa ghalani. Katika mchanga wa kaskazini ya Merv, Viktor Sarianidi alifukua Gonur Depe, mji wa zama za shaba wa zaidi ya miaka 2000 K.K.

Kwa upande wa maumbile, watalii wengi hufuata shimo la Darvaza, lenye upana wa meta 70 hivi, ambamo gesi ya ardhini imekuwa ikiwaka kwa miaka mingi. Husimuliwa kwamba ardhi ilititia chini ya mtambo wa kuchimbia mwaka 1971. Mwaka 2022 rais wa wakati ule aliagiza itafutwe njia ya kuuzima moto huo, na mwaka 2025 wakuu wa nchi walitangaza kwamba umepungua sana.

5. Udongo, maji na chumvi

Merv iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999, Kunya-Urgench mwaka 2005, na Nisa mwaka 2007. Hata hivyo orodha haizuii mvua. Kila mkazi wa Katanga aliyewahi kuishi katika nyumba ya matofali mabichi anajua kwamba ukuta hufa siku paa linapotoboka.

Huko Merv kuna adui wa pili. Mfereji wa Karakum, ulioanza kuchimbwa mwaka 1954 na wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300, umeleta maji ya kumwagilia pamba. Maji hayo yameinua maji ya ardhini. Nayo hupanda ndani ya kuta, hukauka, na kuacha chumvi inayoutafuna udongo. Ukuta huliwa chini, miguuni, kisha huanguka wote. Dawa inayofaa ni ile ya wajenzi wa zamani: kupaka upya udongo uliochanganywa na majani makavu, mwaka hata mwaka, na kufukia mashimo ya wachimbuzi baada ya kazi. Ukuta uliofukuliwa ukaachwa wazi huharibika haraka kuliko ule uliobaki ardhini.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanatufunza mambo mawili. Kwanza, ushahidi wa maandishi juu ya upwa wetu haukutoka mahali pamoja: ulisafiri kwa merikebu na kwa ngamia, ukapitia mabaraza na maktaba za jangwani. Anayemnukuu Yaqut juu ya Tumbatu atafanya vema kutaja pia jinsi kitabu chake kilivyozaliwa. Pili, kilichookoka Merv ni kile kilichobebwa na mtu aliyeondoka kwa wakati. Maktaba za udongo zilikwisha, na kuta zake zinakwisha mbele ya macho yetu. Basi mwenye daftari la masimulizi ya wazee, au hati ambayo haijanakiliwa, asingoje. Nakala moja iliyo nyumba nyingine ina thamani kuliko maktaba nzima iliyo mahali pamoja.