Odi za Gofu: Anza na Bei, Jina Lifuate

Mikeka ya kubashiri inayojazwa Msamvu na Kihonda, hapa Morogoro, mwishoni mwa wiki ni ya mpira wa miguu: Simba, Yanga, Ligi Kuu ya England na, kwa mwenye mapenzi ya nyumbani, Mtibwa Sugar. Gofu imo kwenye programu zilezile za simu, chini kabisa ya orodha. Wanaoifungua wengi huingia na akili ya mpira wa miguu. Wanatafuta jina kubwa, wanaona odi nono, wanaweka dau. Hapo ndipo fedha inapopotea.

Mechi ya mpira ina matokeo matatu tu. Mashindano mengi ya gofu ya kulipwa huanza na wachezaji zaidi ya 100, na mshindi ni mmoja. Tiger Woods, mwenye mataji 82 ya PGA Tour, katika maisha yake yote ya uchezaji alishinda takriban moja katika kila mashindano manne au matano aliyoingia. Huyo ndiye Tiger. Mchezaji bora wa wiki yoyote, hata akiwa kwenye kiwango cha juu, mara nyingi zaidi atashindwa kuliko atakavyoshinda.

Tazama Kenya Open, mashindano makubwa yaliyo karibu nasi kuliko yote. Yalianza mwaka 1967, na Seve Ballesteros aliyashinda 1978, Ian Woosnam 1986, Trevor Immelman 2000. Tangu 2019 yamo kwenye mzunguko mkuu wa Ulaya. Kuanzia mwaka huo hadi 2025, ukiondoa 2020 ambapo hayakuchezwa, washindi ni Guido Migliozzi, Justin Harding, Ashun Wu, Jorge Campillo, Darius van Driel na Jacques Kruyswijk. Watatu kati ya hao sita, yaani Migliozzi, van Driel na Kruyswijk, walikuwa hawajawahi kushinda kwenye mzunguko huo kabla ya kufika Nairobi. Aliyechagua kwa ukubwa wa jina alikuwa na nafasi ndogo sana ya kuwafikia.

Sasa bei. Odi ya 21.00 inamaanisha kampuni inampa mchezaji nafasi moja kati ya 21, yaani asilimia 4.8 hivi. Gawanya 100 kwa odi, umepata asilimia. Hesabu hiyo moja ina thamani kuliko utabiri wote utakaousikia kijiweni. Ifanye kwa wachezaji wote, kisha jumlisha: haitaishia 100, itapita. Ziada hiyo ndiyo faida ya kampuni.

Chukua mfano mdogo. Wachezaji watatu wanaanza pamoja siku ya kwanza, na wewe unabashiri nani kati yao atatumia mikwaju michache zaidi. Odi ni 2.40, 2.75 na 3.10. Ukizigeuza unapata 41.7, 36.4 na 32.3. Jumla ni zaidi kidogo ya 110. Kwenye ubashiri wa bingwa wa mashindano mazima, ziada huwa kubwa zaidi, kwa sababu imesambazwa juu ya majina mengi na haionekani kwa macho. Ndiyo maana mimi huwashauri wanaoanza waangalie makundi ya watatu, au ubashiri wa nani atavuka mchujo wa siku ya pili, kabla ya kumtafuta bingwa. Bei za bashiri hizo unaweza kuzikagua zote kwa dakika mbili.

Baada ya bei ndipo uje kwenye uwanja, na hapa mtu wa Morogoro ana jambo la kuanzia. Mji wetu uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayepanda Uluguru kupitia Morningside kuelekea kilele cha Bondwa, chenye mita 2,120, anajua jinsi hewa inavyobadilika njiani. Uwanja wa Muthaiga, Nairobi, mmoja wa viwanja vya Kenya Open, uko kwenye kimo cha kama robo tatu ya safari hiyo, karibu mita 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 6 au zaidi. Fimbo inayopeleka mpira mita 150 pwani itaupeleka karibu mita 160. Anayetoka wiki iliyotangulia kwenye uwanja wa ufukweni anapaswa kuzipima upya fimbo zake zote kwa siku mbili tatu za mazoezi. Aliyekulia Johannesburg, mji wenye kimo kama hicho, hesabu hiyo anayo tayari.

Kisha kuna nyasi. Viwanja vya Nairobi vina nyasi za kikuyu, zenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ni nene, zina nguvu, na hukamata kichwa cha fimbo mpira unapozama ndani yake. Afrika Kusini zimeenea sana viwanjani. Harding na Kruyswijk ni Waafrika Kusini. Mwaka 2021, siku chache baada ya Harding kushinda kwenye uwanja wa Karen, Nairobi, Mwafrika Kusini mwingine, Daniel van Tonder, alichukua mashindano ya Savannah Classic katika uwanja huohuo. Ushindi wa watu watatu si ushahidi wa kutosha, na sitamwambia mtu aweke dau kwa pasipoti. Ila mchezaji aliyezoea kimo na nyasi anastahili kuongezewa asilimia kidogo kwenye hesabu yako.

Saa ya kuanza nayo ina uzito. Siku ya kwanza nusu ya wachezaji hutoka asubuhi na nusu mchana, siku ya pili wanabadilishana. Ukisimama kwenye uwanja wa Morogoro Gymkhana asubuhi, grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, bado haijakanyagwa na upepo umetulia. Rudi alasiri, mawingu yakiwa yamekifunika kilele cha Lupanga, utakuta mchezo mwingine kabisa. Angalia utabiri wa hali ya hewa wa siku zote mbili kabla ya kulinganisha wawili wanaotoka saa tofauti.

Kuhusu viwango vya wachezaji, kazi ya Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia imebadilisha mengi. Alipima kila mkwaju unampa mchezaji faida kiasi gani dhidi ya wenzake, na akakuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya bora na wa kawaida, kama theluthi mbili, inatoka kwenye mipigo ya mbali, si kwenye kuusukuma mpira shimoni. Kusukuma mpira kwenye grini hupanda na kushuka wiki hadi wiki. Kwa hiyo aliyemaliza wa tatu wiki iliyopita kwa sababu kila mpira uliingia, odi yake mara nyingi imeshushwa mno. Mtafute aliyepiga vizuri kutoka mbali lakini mipira ikakataa kuingia.

Usome pia kanuni ya kufungana. Umeweka shilingi 10,000 kwa odi 5.00 kwamba mchezaji atamaliza ndani ya tano bora. Anafungana na wenzake wawili nafasi ya nne: watu watatu kwa nafasi mbili zilizobaki. Kampuni nyingi huhesabu theluthi mbili tu ya dau lako, na unapata 33,333 badala ya 50,000, kabla ya kodi.

Mkeka wa gofu siupendekezi kabisa. Ukiunganisha bashiri tatu zenye ziada ya asilimia 10 kila moja, ziada inakuwa 33. Na hata anayechagua vizuri, wachezaji wenye nafasi halisi ya kushinda ya moja kati ya 21, ana uwezekano wa asilimia 23 wa kubashiri mashindano 30 mfululizo bila kupata hata mmoja. Fedha ya ada au ya kodi ya nyumba haiwezi kuhimili hali hiyo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kisheria kubeti hata kidogo.

Kabla ya kufungua simu, andika kwenye karatasi asilimia unayompa mchezaji wako. Ndipo uangalie odi. Kama asilimia ya kampuni ni kubwa kuliko yako, usiweke dau wiki hiyo.