Kupimwa kilo kabla ya kunyanyua vyuma: usifike kwenye mzani umekauka

KOLWEZI – Kijana wa Mashamba ama wa Musompo hahitaji kufundishwa maana ya mzani. Kwenye maghala ya kununua madini, kilo ikisomwa vibaya, jasho la mchimbaji limepotea. Katika mchezo wa kunyanyua vyuma pia, siku ya mashindano inaanzia kwenye mzani, na kuna wanaopotezea nguvu zao hapo kabla ya kugusa chuma.

Mchezo huu una mitindo mitatu: kuchuchumaa chuma kikiwa mabegani, kukisukuma juu ukiwa umelala kwenye benchi, na kukiinua kutoka chini. Kila mtu anashindana na wenye uzito kama wake. Kwa wanaume, shirikisho la kimataifa, IPF, lina madaraja kama kilo 66, 74, 83 na 93. Kwa wanawake, 52, 57, 63 na 69. Wawili wakilingana kwa jumla ya kilo walizonyanyua, aliye mwepesi ndiye mshindi. Ndiyo sababu wengine wanajikausha: wanaacha maji, wanakimbia juani wamevaa makoti, hata kumeza dawa za kukojoa, ambazo zimekatazwa katika michezo.

Mara nyingi wanaiga wapiga ngumi. Ilunga Makabu, mtoto wa Kananga, alipotwaa mkanda wa WBC mjini Kinshasa tarehe 31 Januari 2020, alikuwa katika daraja lisilozidi kilo 90.7. Lakini mpiga ngumi wa kulipwa hupimwa siku moja kabla ya pambano, kwa hiyo ana usiku mzima wa kula na kunywa. Mnyanyua vyuma, kwa kanuni za IPF, anapimwa masaa mawili tu kabla ya kuanza. Muda huo hautoshi kurudisha maji ya siku mbili.

Na hata kwa wapiganaji, kujikausha kumeua. Mwezi wa 12 mwaka 2015, Mchina Yang Jian Bing, mwenye miaka 21, alikufa mjini Manila baada ya mwili kuishiwa maji akijitayarisha kupimwa.

Matayarisho mazuri yanaanza mapema. Kwa majuma kadhaa, jipime kila asubuhi kwenye mzani uleule, umetoka chooni na hujala kitu. Linganisha mzani wako na mwingine, maana ya nyumbani mara nyingi hudanganya. Siku mbili tatu za mwisho, punguza makayabo na vyakula vingine vya chumvi nyingi, kwani chumvi inashika maji mwilini. Lakini endelea kunywa maji, zaidi sana mwezi wa kumi, joto la Lualaba linapopanda. Ukisikia kizunguzungu, moyo ukapiga mbio ama mkojo ukakatika, acha mara moja na umuone munganga.

Siku yenyewe, beba kitambulisho. Zoezi la kupima linachukua saa moja na nusu. Aliyezidi kidogo anaweza kurudi kabla muda haujaisha. Hapo hapo unataja uzito wa kuanzia katika kila mtindo. Taja ule unaouweza hata siku mbaya: ukishindwa, hauruhusiwi kuupunguza, na ukishindwa mara tatu katika mtindo mmoja, huna tena jumla.

Ukishuka kwenye mzani, kunywa maji kidogo kidogo, ule ndizi, mkate ama wali. Sahani kubwa ya bukari na sombe ingoje jioni.

Na kijana ambaye juma la mwisho bado amezidi kilo nne ama tano, apande daraja la juu. Kushika nafasi ya tano akiwa na nguvu zake zote ni afadhali kuliko kubebwa hospitalini kabla jina lake halijaitwa.